Koa wa kijivu aliyeua mbwa ufukweni, na somo kwa wazazi

MTOTO wa mwaka mmoja na nusu akifikishwa ufukweni huanza na mchanga. Huushika, huumwaga, kisha huutia mdomoni. Baada ya mchanga hufuata gamba la konokono, mwani, kijiti na chochote ambacho maji yamekileta. Katika umri huo mdomo ndio mkono wa tatu. Kitu hakijajulikana mpaka kionjwe.

Mzazi aliye karibu mara nyingi huangalia mambo mawili, mawimbi na vipande vya chupa. Ni wachache wanaomtilia maanani yule mdudu laini wa kijivu aliyelala juu ya mwani, asiye na miiba, asiye na gamba, asiyekimbia. Ukimtazama harakaharaka unadhani ni kamasi. Hana sura ya kumtisha mtu.

Mwaka 2009, katika jiji la Auckland nchini Nyuzilandi, mdudu wa namna hiyo aliua mbwa. Kisa hicho ni cha mbali, lakini kinawahusu wazazi wa pwani ya Afrika Mashariki kwa sababu moja. Sumu iliyowaua mbwa wale ipo pia katika Bahari ya Hindi, ndani ya samaki ambaye wavuvi wengi wanamjua kwa jina.

Mbwa waanza kupooza

Ilikuwa Julai, wakati wa baridi kali kwa nchi hiyo iliyo kusini mwa dunia. Wakazi wengi wa Auckland wenye mbwa huwatembeza kwenye fukwe za Ghuba ya Hauraki, ambayo jiji hilo limejengwa kandokando yake. Na mbwa, kama mtoto mdogo, huijua dunia kwa kunusa, kulamba na kumeza.

Safari hiyo baadhi ya mbwa walirudi wakitapika na kutokwa udenda. Wengine waliyumba kama walevi, wakashindwa kusimama, wakapooza. Wapo waliokufa. Kilichowaogofya watu zaidi ni kasi yake, kwani mnyama aliyekuwa akikimbia mchangani muda mfupi uliopita alikuwa sasa hawezi kuinua kichwa.

Tetesi zilianza mara moja, na kwa kweli zilikuwa na msingi. Majira hayohayo, idara ya serikali inayosimamia uhifadhi ilikuwa ikidondosha chambo chenye sumu kwa helikopta katika visiwa vya Rangitoto na Motutapu, vilivyo karibu na jiji, ili kuangamiza panya na wanyama wengine waharibifu. Watu wakaunganisha mambo hayo mawili. Sumu imemwagwa kisiwani, mbwa wanakufa ng'ambo, basi jibu limepatikana.

Lakini dalili zilikataa. Sumu ya panya iliyotumika, brodifakumu, huzuia damu kuganda. Mnyama aliyeila huvuja damu ndani kwa ndani, na kwa kawaida huchukua siku kadhaa kabla ya kuonesha dalili. Kwa mbwa wa Auckland tatizo lilikuwa kwenye mishipa ya fahamu, tena lilikuja kwa haraka. Hayo ni magonjwa mawili tofauti, hata kama yote mawili huishia kwenye kifo.

Jibu latoka kwenye matapishi

Sampuli zilipelekwa Taasisi ya Cawthron, kituo cha utafiti kilichoko mji wa Nelson, kaskazini mwa Kisiwa cha Kusini cha nchi hiyo. Watafiti walipima matapishi ya mbwa na vilivyokutwa tumboni mwao, wakapima pia viumbe mbalimbali vilivyookotwa eneo lile.

Katika mbwa wawili ilikutwa tetrodotoksini, mojawapo ya sumu kali zaidi zinazotokana na viumbe wa baharini. Sumu hiyo haikuwa imewahi kuthibitishwa nchini humo. Ilipofuatiliwa imetoka wapi, viumbe wengine waliopimwa hawakuwa nayo. Alikuwa nayo mmoja tu, koa wa baharini mwenye rangi ya kijivu.

Koa 12 walipimwa. Aliyekuwa na sumu kidogo kuliko wote alikuwa na miligramu 91 kwa kila kilo ya mwili, na aliyezidi wote alikuwa na miligramu 850. Aliyekuwa katikati alifikia 365. Ili mzazi apate picha, makadirio yanayotajwa mara nyingi ni kwamba takriban miligramu 2 za tetrodotoksini zinaweza kumuua mtu mzima. Kwa kipimo kile cha katikati, gramu 10 za nyama ya koa, yaani kiasi cha vijiko viwili vidogo, zina zaidi ya miligramu 3. Hapo hatujamzungumzia mtoto wa kilo 10.

Mamlaka za afya za Auckland ziliwatahadharisha wananchi wawaweke watoto na mbwa mbali na vitu vilivyoletwa na maji ufukweni. Matokeo ya uchunguzi yalichapishwa mwaka 2010 katika jarida la kisayansi la Toxicon.

Lau jambo lile lingeachwa kwenye tetesi, watu wangeendelea kulaumu chambo cha panya, na fukwe zingeonekana salama mara chambo kilipokwisha. Koa wangeendelea kuletwa na maji, na siku moja pengine wa kuwaokota angekuwa mtoto.

Koa huyu ni nani?

Koa ni ndugu wa konokono asiye na gamba la nje. Wa nchi kavu huonekana bustanini wakati wa mvua, akiacha alama ya ute inayong'aa. Wa baharini wako wa aina nyingi sana. Wapo wenye rangi za kupendeza kuliko khanga mpya, na wapo wasio na mvuto wowote.

Huyu wa Auckland yuko kwenye kundi la wasio na mvuto. Jina lake la kisayansi ni Pleurobranchaea maculata. Neno la pili lina maana ya mwenye madoa, na la kwanza linaeleza kuwa matamvua yake, viungo vya kupumulia kama vile vya samaki, yako ubavuni. Waliomwandika kwa mara ya kwanza katika vitabu vya sayansi, mwaka 1832, ni Wafaransa wawili, Quoy na Gaimard. Wote wawili walikuwa madaktari wa jeshi la majini waliosafiri na meli ya utafiti iitwayo Astrolabe.

Anatambulikaje? Rangi yake ni kijivu cha kufifia, na juu yake kuna mistari na madoa ya kahawia yaliyosukana kama wavu mwembamba. Mwili ni laini na mnene, na mkubwa hufikia urefu wa sentimita 10 hivi, karibu sawa na upana wa kiganja cha mtu mzima. Mbele ya kichwa kuna ngozi iliyotanuka kama ukingo wa kofia, yenye ncha mbili pembeni. Nyuma ya ukingo huo zimesimama pembe mbili fupi zinazomsaidia kunusa. Mgongoni hana kitu. Alama inayomtenganisha na wengine iko upande wa kulia, chini ya ukingo wa ngozi, ambako kuna tamvua moja lililochanua kama unyoya.

Maelezo haya yanafanya kazi koa akiwa hai ndani ya maji. Akishatupwa mchangani hunywea, akabaki donge la nyama lisilo na pembe wala ukingo. Katika hali hiyo hata mtaalamu humtazama mara mbili, na ndivyo ambavyo mbwa na watoto humkuta.

Ndugu wa baba mmoja, sumu mbalimbali

Koa huyu anaishi Nyuzilandi na kusini-mashariki mwa Australia, na ametajwa pia Sri Lanka, China na Japani. Hukaa kuanzia maji mafupi yanayokaribia kukauka wakati wa kupwa hadi kina cha mita 300, kwenye mchanga, matope na miamba. Hula wanyama wengine wa baharini na mizoga. Miaka ya karibuni amejitokeza pia pwani ya Argentina, upande wa pili wa dunia, mahali ambapo si kwao, na huko pia amekutwa na tetrodotoksini. Pwani ya Afrika Mashariki haimo katika orodha ya makazi yake.

Baada ya kisa cha Auckland, watafiti walikwenda kupima koa wa aina hiyohiyo katika maeneo mengine ya nchi. Walichokikuta kiliwashangaza. Wale wa kaskazini, pande za Auckland na Tauranga, walikuwa na sumu nyingi. Wale wa Kisiwa cha Kusini, kwa kuwatazama, hawakuwa na tofauti nao yoyote, jina moja na madoa yaleyale, lakini hawakuwa na sumu ya kuhofia.

Ili kujua sababu, koa wasio na sumu walichukuliwa wakalishwa chakula chenye tetrodotoksini. Miili yao iliipokea na kuihifadhi, nao hawakudhurika. Koa wenye sumu walipofugwa kwenye matangi kwa majuma kadhaa, sumu yao ilipungua kidogo tu, na mayai waliyotaga yakawa nayo, hata vifaranga wao wa wiki mbili. Maelezo yanayokubaliana na hayo ni kwamba koa huipata sumu kupitia kile anachokula mahali anapoishi, na mama huwarithisha wanawe.

Jambo hili lina uzito kwa mzazi. Watu wengi huamini kwamba wakilijua jina la kiumbe wamemaliza kazi. Kisa hiki kinaonesha kuwa jina ni nusu ya jibu, na nusu ya pili ni mahali. Koa wa jina moja anaweza kuwa hatari katika ghuba moja, na asiwe na madhara katika ghuba nyingine ya nchi hiyohiyo. Anayesema "hawa kwetu tunawashika kila siku" anaweza kuwa anasema kweli kuhusu kwao tu.

Bunju ni jirani

Mkazi wa Dar es Salaam akisikia Bunju hufikiria eneo la njia ya Bagamoyo. Mvuvi humfikiria samaki. Bunju ni yule samaki anayejivimbisha kama mpira akisumbuliwa, mwenye ngozi isiyo na magamba ya kawaida na meno yaliyoungana kama mdomo wa kasuku. Sumu yake ni tetrodotoksini, ileile iliyokutwa kwa koa wa Auckland.

Hata kwa bunju sumu hutegemea mazingira na chakula. Inaaminika kuwa chanzo chake ni bakteria, kisha hupanda kupitia wanyama wanaoliwa. Bunju waliofugwa mahali pasipo na chakula chenye sumu hukutwa hawana. Wa baharini huibeba zaidi kwenye ini, mayai, utumbo na, kwa baadhi ya aina, ngozi.

Mwaka 1967 jarida la kitabibu la Afrika Mashariki lilichapisha taarifa ya mvuvi wa Zanzibar aliyefariki dunia kwa sumu ya bunju. Ikiwa bahari inaweza kumpoteza mtu ambaye kazi yake ni bahari, basi mtoto wa mgeni aliyekuja ufukweni siku ya Idi hana ujuzi wa kumlinda. Kinachomlinda ni mtu mzima aliye karibu naye.

Kinachotokea mwilini

Mishipa ya fahamu hupeleka ujumbe kwa umeme mdogo unaopita kwenye vijilango vya chumvi ya sodiamu. Tetrodotoksini huziba vijilango hivyo. Ubongo unaagiza mkono uinuke, ila agizo halifiki. Unaagiza kifua kivute hewa, nako hakufiki.

Dalili za kwanza huanza mara nyingi kati ya dakika 10 na 45 baada ya kumeza, ingawa zinaweza kuchelewa kwa saa kadhaa. Midomo na ulimi huwa na ganzi au kuhisi kama vinachomwachomwa na sindano. Ganzi huenea usoni, kwenye vidole vya mikono na miguu. Hufuata kutapika, udenda, kizunguzungu na maneno kutotoka vizuri. Kisha miguu hulegea, na mwisho misuli ya kupumulia husimama.

Mtoto asiyejua kusema hatasema ana ganzi. Mzazi ataona anajifutafuta mdomo, analia bila sababu inayoonekana, udenda unamtoka kuliko kawaida, au anayumba wakati jana alikuwa akitembea vizuri.

Jambo moja wazazi walijue hata wakisahau mengine yote ni kwamba mgonjwa wa sumu hii anaweza kupooza mwili mzima huku akili yake ikiwa timamu. Anaweza kusikia kila neno linalosemwa juu yake na asiweze kupepesa ukope. Kwa hiyo mtoto aliyelegea asihesabiwe kuwa amekufa. Aendelee kusaidiwa kupumua na aendelee kusemeshwa.

Akimeza, mzazi afanye nini?

Hakuna dawa maalumu inayoiondoa sumu hii mwilini. Kinachookoa ni kupumua. Mgonjwa akisaidiwa kupumua kwa mashine hospitalini, mwili huitoa sumu wenyewe polepole, na wengi wanaovuka saa 24 za mwanzo hupona kabisa. Kila dakika inayopotea nyumbani inapotea kwenye matumaini hayo.

Kwanza, kilichobaki mdomoni kitolewe kwa kidole kilichofunikwa kitambaa, kisha mdomo usuuzwe kwa maji safi.

Pili, mtoto asitapishwe kwa nguvu, wala asinyweshwe maziwa, mafuta au maji ya mkaa. Imani ya maziwa kama dawa ya kila sumu imeenea, lakini maziwa hayazibui vijilango vya mishipa ya fahamu. Mtoto ambaye koo limeanza kulegea anaweza kupaliwa, na maziwa yakaenda mapafuni.

Tatu, apelekwe hospitali papo hapo, hata kama anaonekana mzima. Kusubiri dalili ni kusubiri sumu ifike kifuani. Pakiwa na uchaguzi, iendewe hospitali yenye mashine za kusaidia kupumua, na familia ipige simu mbele ili wauguzi wajiandae.

Nne, njiani alazwe kwa ubavu ili matapishi yasimpalie. Akiacha kupumua, apuliziwe pumzi mdomo kwa mdomo, kwa mtoto mchanga mdomo na pua pamoja, bila kukoma mpaka msaada ufike.

Tano, kiumbe alichokula au mabaki yake yachukuliwe kwa kijiti, yawekwe kwenye kopo lenye kifuniko na kwenda nayo. Ikishindikana, ipigwe picha. Kule Auckland matapishi ndiyo yaliyotoa jibu, na daktari yeyote atafurahi kupewa zaidi ya maneno "alikula kitu".

Wanaodhani moto unasaidia wajue kuwa tetrodotoksini haiondoki kwa kuchemshwa, kukaangwa wala kugandishwa. Kiumbe kisichojulikana hakiwi chakula kwa sababu kimepita jikoni.

Kumtambua bila kumshika

Siku hizi mtu akiona kitu asichokijua hupiga picha na kuituma kwenye kundi la WhatsApp. Si vibaya, ila picha moja iliyopigwa kwa mbali huleta majibu kumi, na kila anayejibu ana uhakika. Mmoja atasema jongoo bahari, mwingine mtoto wa pweza, wa tatu atasema wanaliwa.

Picha inayosaidia ni zaidi ya moja. Moja ipigwe kutoka juu, moja kila ubavu, na moja ikionesha kichwa. Pembeni iwekwe sarafu au kalamu ili ukubwa ujulikane. Kisha yaandikwe mambo ambayo kamera haiyaoni: ufukwe gani, tarehe gani, maji yalikuwa yanakupwa au yanajaa, kiumbe alikuwa majini, mwambani au mchangani, alikuwa hai au amekufa. Kwa yule koa wa kijivu, mahali alipotoka ndipo palipoamua kama ana sumu au hana. Basi asiye na habari za mahali amepeleka nusu ya swali.

Wataalamu wa kuulizwa wapo. Tanzania kuna Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi, TAFIRI, na Taasisi ya Sayansi za Bahari ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam iliyoko Zanzibar. Kenya kuna KMFRI, Mombasa. Karibu zaidi kuna wazee wa ufukweni na kina mama wanaochokoa pweza wakati wa bamvua. Hao wanajua kipi hakishikwi katika mwamba ule, na ujuzi wao ni wa mahali hasa.

Kanuni ya mtoto

Mtoto wa miaka minne hawezi kukariri majina ya koa. Anaweza kukariri kanuni moja fupi: cha baharini kinatazamwa kwa macho, hakishikwi mpaka mtu mzima aseme. Mama anapoulizwa "Mama, hiki nini?" si lazima ajue jibu. "Sikijui, tukitazame tu" ni jibu zuri, na linamfundisha mtoto kwamba kutokujua si ruhusa ya kushika.

Kanuni hiyo iguse pia makombe mazuri. Katika miamba ya pwani hii wapo konokono wenye gamba la umbo la pia, lenye michoro ya kuvutia, ambao huchoma kwa mshale wenye sumu wakiokotwa wakiwa hai. Wa Auckland alikuwa mbaya wa sura, hawa ni wazuri, na wote wana madhara. Uzuri na ubaya wa sura havimwambii mtoto lolote kuhusu usalama.

Kwa wa chini ya miaka mitatu kanuni haitoshi. Hao hulindwa kwa mkono na macho. Kabla ya kumweka mchangani, mzazi apite eneo hilo kwanza, hasa ule mstari wa mwani na takataka ulioachwa na maji yalipojaa, kwani vingi vilivyokufa hukusanyika hapo. Mtoto achezee juu zaidi, kwenye mchanga mkavu. Mikono inawe kabla ya kula, na familia yenye mbwa isimwache azurure na kula anachokiokota.

Bahari haijawa adui kwa sababu ya kisa cha koa mmoja. Wakazi wa Auckland wanaendelea kwenda ufukweni na watoto wao na mbwa wao, ila sasa wanajua kilichomo kwenye mwani. Mbwa waliokufa mwaka 2009 waliokota kile ambacho mtoto yeyote angeweza kukiokota, na watu wakapata kujua kabla ya mtoto kukifikia. Familia inayokwenda ufukweni Jumapili hii haina haja ya kusubiri onyo la namna hiyo. Inatosha mtu mzima mmoja aweke simu mfukoni na kutangulia mbele ya mtoto hatua kumi, akitazama chini.